Mheshimiwa wa Arobaini na Nne

Ipo nchi inaitwa Jamhuri ya Heshimani. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, na wala usinitazame hivyo: si yetu. Kwetu sisi mikutano huanza saa ile ile iliyoandikwa kwenye kadi, na mgeni rasmi hufika kabla ya viti. Hii ni nchi nyingine kabisa, na mambo yake nayasimulia kama yalivyonifikia, bila nia mbaya kwa mtu yeyote aliye hai au aliye madarakani.

Katika Heshimani hakuna anayeruhusiwa kusema neno mbele ya watu kabla hajawataja waheshimiwa wote waliopo, kila mmoja kwa jina lake, cheo chake, na cheo alichokuwa nacho zamani. Hapo nyuma watu walikuwa wakichoka njiani. Walitaja watatu wanne, wakasema "itifaki imezingatiwa", wakaendelea na shughuli. Siku moja Naibu Waziri mmoja akaachwa ndani ya hiyo "itifaki imezingatiwa". Aliugua wiki mbili. Bunge likakutana kwa dharura na kupitisha Sheria ya Kuzuia Kupunguza Heshima, na tangu hapo hata zimamoto, wakifika penye nyumba inayoungua, hutangulia kumsalimu diwani.

Ndeshi, msichana wa kidato cha tatu katika sekondari ya Lambo Chini, hakuwa na ugomvi na itifaki. Ugomvi wake ulikuwa na maji.

Maji ya Lambo Chini ukiyatazama ni safi, yanang'aa kwenye glasi. Ila yana floraidi nyingi kupita kiasi, inayotoka kwenye miamba ya chini huko, na mtu akiyanywa tangu utotoni meno yake huwa rangi ya chai ya rangi, na wengine hupinda mifupa. Ndeshi alikuwa na meno hayo. Mama yake alikuwa na meno hayo pamoja na mgongo usionyooka. Mdogo wake, Nashiva, alikuwa na miaka mitatu na meno ya utotoni, meupe, na Ndeshi hakuweza kuyatazama bila kuumia roho, maana alijua yale ya pili yalikuwa yanatengenezwa ndani ya ufizi wakati ule ule, kikombe kwa kikombe.

Mwalimu wa kemia, Mwalimu Kisoka, alimwambia kuwa dawa ipo. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa ikawa mkaa, mkaa ukasagwa na kujazwa kwenye ndoo, maji yakipita humo floraidi hunaswa. Kazi iko kwenye moto. Mara ya kwanza Ndeshi alichoma kidogo, mkaa ukatoka mweusi tii, na maji yakanuka supu iliyolala. Mara ya pili akachoma tangu asubuhi hadi jioni, mifupa ikawa myeupe kama chaki. Mwalimu akayapeleka maji yake wilayani yakapimwe, majibu yakarudi kama vile maji hayakupita popote. Kati ya ule weusi na ule weupe palikuwa na joto lake hasa, na hilo ndilo Ndeshi alilolitaka. Namba moja tu.

Namba hiyo ilikuwemo katika ukurasa wa mia na kumi na mbili wa kitabu cha kemia, lakini katika toleo jipya ukurasa huo ulikuwa umetolewa ili kupisha Salamu za Waziri pamoja na picha yake. Shule ilikuwa na kompyuta tano, zote ndani ya nailoni zao, zikisubiri mgeni rasmi wa kuzizindua kwa mwaka wa tatu sasa. Simu ya Mwalimu Kisoka ilikuwa ya tochi. Kipimajoto cha tanuru kilikuwepo, msaada wa watu wa nje, ila mkuu wa shule alikiweka ofisini kwake juu ya kitambaa cha kufuma, pembeni ya vikombe vya mpira.

Basi ilipokuja barua kwamba sekondari ya Lambo Chini itoe mwanafunzi mmoja wa kwenda Kongamano la Kimataifa la Wanasayansi Mashuhuri na Vijana, na kwamba miongoni mwa mashuhuri hao yumo Profesa Brandvik, bibi mmoja kutoka nchi ya baridi aliyesoma habari za maji kwa miaka arobaini, Ndeshi hakulala vizuri siku tatu. Alichaguliwa kwa haki kabisa. Kamati ilitazama majina ya wanafunzi wote wa kidato cha tatu, ikaona lake ndilo fupi, na hivyo litaokoa muda.

"Utakuwa na dakika tatu na profesa," alisema Mwalimu Kisoka akimsindikiza stendi. "Usimwambie habari za kwenu, usimwambie unavyoipenda sayansi. Muulize namba. Ukirudi na namba, mimi kile kipimajoto nitakiomba kwa mkuu hata kwa kupiga magoti."

"Nitarudi nayo, mwalimu," akasema Ndeshi.

*

Kongamano hilo lilikuwa la tisa, na sifa zake zilijulikana hadi ng'ambo. Taarifa ya kila mwaka ilikuwa na jedwali, na kwenye jedwali kulikuwa na mstari usemao: Maswali yaliyoshindikana kujibiwa, sifuri. Kwa miaka minane mfululizo ilikuwa sifuri.

Siku moja kabla, wanafunzi walikusanywa kufundwa na Bwana Sekiondo, Mkurugenzi Mkuu wa Itifaki, mzee mwembamba mwenye tai ndefu na daftari kubwa la jalada jekundu. Daftari hilo ndilo lenye majina ya waheshimiwa wote wa nchi, na yeye alikuwa amelitunza miaka ishirini na minane. Aliwafundisha kuinama, kurudi nyuma bila kugeuka, na kupiga makofi matatu matatu. Alipofika kwa Ndeshi akamtazama mdomoni.

"Binti, wewe kwenye picha utatabasamu kwa ndani."

"Kwa ndani, Mheshimiwa Mkurugenzi?"

"Midomo ifumbwe, furaha ionekane machoni. Kuna wageni wa kimataifa."

Ndeshi alifumba mdomo. Alikuwa amekwisha kuzoea, ila aliona haya kama ndiyo mara ya kwanza.

Kisha kila mmoja akapewa orodha ya waheshimiwa arobaini na watatu ya kutajwa kabla ya swali. Ndeshi aliisoma kwa sauti ndogo. Alikuwemo Mheshimiwa Tabu Mashaka, Naibu Waziri wa Furaha. Alikuwemo Mheshimiwa Sikudhani Ningefika, Mwenyekiti wa Bodi ya Bodi. Alikuwemo Mheshimiwa Hamnijui Vizuri, ambaye cheo chake kilikuwa siri ya serikali, hivyo mtu alitakiwa kumtaja kisha akae kimya kwa muda unaolingana na cheo. Nchi ile wazazi huwapa watoto majina kulingana na mambo yalivyokuwa siku ya kuzaliwa, kwa hiyo hakuna aliyecheka.

Bwana Sekiondo akaongeza jambo moja, na alilisema kwa fahari. Idara yake ilikuwa imegundua kwamba wageni wa nje wanasikia majina ya viongozi bila kupata uzito wake. Kwa hiyo wakalimani walikuwa wameapishwa kutafsiri kila neno, majina yakiwemo, bila kuongeza wala kupunguza.

"Maswali?" akauliza, na akashtuka mkono ulipoinuka, kwa kuwa hakuwa amezoea.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," akasema Ndeshi, "mtu akimsahau mheshimiwa mmoja inakuwaje?"

"Sheria ya Kuzuia Kupunguza Heshima, kifungu cha nne. Yeye, shule yake na mkoa wake."

"Na akimwongeza asiyekuwepo, kwa kuchanganyikiwa?"

Bwana Sekiondo akacheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, sheria inakataza kupunguza. Kuongeza ni nani alishawahi kulalamika?"

Ndeshi akashukuru, akakaa. Wakati ule, kusema kweli, alikuwa anaogopa tu kukosea.

*

Siku yenyewe wanasayansi mashuhuri walikuwa ukumbini tangu saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi, Mheshimiwa Nyangalapa, Waziri wa Sayansi, Sherehe na Mapokezi, aliwasili saa saba na nusu, jambo lililopokewa kwa vifijo kwa kuwa mwaka uliotangulia alifika siku ya pili. Alizungumza kwa ufupi, dakika hamsini.

"Sayansi," alisema, "ni kitu ambacho serikali yangu imekiruhusu. Wapo wanaouliza, je, vijana wetu wanauliza? Nawajibu wanaouliza: wanauliza. Na wakiuliza, wanajibiwa. Na wakijibiwa, wanashukuru. Hayo ndiyo mafanikio."

Profesa Brandvik alikaa mbele na visikilizio masikioni, bibi wa mvi fupi mwenye viatu vya kutembelea matopeni. Mezani pake palikuwa na chupa ya maji kutoka ng'ambo, maana Idara ya Itifaki haikutaka anywe ya nchini, japo ndiyo aliyokuja kusikia habari zake. Kila jina lilipotajwa aliligeukia, na alipoelezwa kwa lugha yake kwamba yule bwana mnene wa kulia anaitwa Dhiki Wasiwasi, alimtazama kwa huruma ya kweli. Majina yote aliyaandika kwenye kijitabu chake, kwa mazoea ya kuandika kila kitu.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa Lwitiko, kijana wa shule ya ufundi, aliyebeba mfano wa pampu aliyoitengeneza mwenyewe kwa mirija ya plastiki. Alianza kutaja. Kila aliyetajwa alisimama, akainama, akapigiwa makofi matatu, akaketi. Lwitiko alikwenda mbio kama mtu anayekimbizwa na nyuki, na alikuwa amefika kwa mheshimiwa wa thelathini na tisa kengele ilipolia. Dakika tatu zilikuwa zimekwisha.

"Swali zuri sana," akasema mshereheshaji. "Sasa Profesa atoe neno la kujibu."

Profesa akasimama. Naye alikuwa na orodha yake na dakika zake tatu. Alifika kwa mheshimiwa wa thelathini na moja, kengele ikalia. Lwitiko akapewa Cheti cha Kuuliza, akarudi nyuma bila kugeuka, pampu kwapani. Kwenye jedwali karani akaweka alama: limejibiwa.

Hapo ndipo Ndeshi alipoielewa ile sifuri ya miaka minane.

Aliitazama orodha yake, ikawa kama ukuta umejengwa kati yake na yule bibi. Alimfikiria Nashiva, aliyemuaga kwa kumuonesha meno yote, bila kufumba kitu. Alihesabu: kazi ile ya kutaja majina aliweza kuifikisha hadi jina la arobaini, akikimbia sana. Swali lilikuwa la arobaini na nne. Lingekuwa la arobaini na nne hadi dunia iishe. Akaisoma tena. Tabu Mashaka. Sikudhani Ningefika. Hamnijui Vizuri. Akarudia kusoma, taratibu sasa, kisha akainua macho akamtazama Bwana Sekiondo na daftari lake jekundu.

Wakamwita. Akaenda mbele.

"Mheshimiwa Nyangalapa, Waziri wa Sayansi, Sherehe na Mapokezi, zamani Waziri wa Mapokezi," akaanza. Waziri akasimama, akaketi. Akamtaja wa pili, wa tatu, wa nne, hadi wa nane. Kisha akapiga moyo konde, na bila kubadili sauti akasema:

"Mheshimiwa Mifupa Ya Ng'ombe Ichomwe Nyuzi Ngapi Inase Floraidi, Mkurugenzi wa Maji ya Lambo Chini."

Hakusimama mtu.

Kwenye kibanda cha kioo mkalimani alisita, akakumbuka kiapo chake, akatafsiri neno kwa neno. Profesa Brandvik, aliyekuwa amekwisha kuinamisha kichwa akiandika, aliacha kuandika.

Bwana Sekiondo macho yalimtoka pima. Alifungua daftari, akalifunga, akalifungua kwa nyuma. Mheshimiwa yupo na yeye hana habari naye. Hana kiti. Hana kadi ya jina. Miaka ishirini na minane, na leo mbele ya mataifa amempunguza mtu. Akamnong'oneza msaidizi wake kwa sauti iliyosikika safu tatu: "Leteni kiti. Cha mto mwekundu. Haraka."

Waheshimiwa wakatazamana. Kila mmoja alikuwa hamjui, na kila mmoja alijua kwamba asiyemjua mwenzake wa ngazi ya juu huenda yuko karibu kuachishwa kazi. Waziri ndiye aliyewahi. Alipiga makofi matatu mazito, akamgeukia jirani yake.

"Nilisoma naye," alisema. "Mtu mpole sana."

"Mpole mno," akasema Mheshimiwa Tabu Mashaka. "Mimi tulikuwa naye kwenye semina."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kiti cha mto mwekundu kikaletwa mbio, kikawekwa mstari wa mbele, kitupu. Ndeshi akaendelea na orodha mpaka kengele ilipolia akiwa kwa mheshimiwa wa ishirini na saba wa orodha ile ya zamani. Hakujali. Alikuwa anamtazama bibi.

"Swali zuri sana," akasema mshereheshaji. "Profesa, neno la kujibu."

Profesa Brandvik alisimama polepole. Alikuwa ameishi miaka arobaini kwa kutazama vitu na kuona kile kisicho cha kawaida katikati ya vya kawaida, na hicho hakikumpita. Akainama kwa waziri kama alivyofundishwa. Akamtaja waziri na vyeo vyake. Kisha akamgeukia Ndeshi, akatamka polepole ili mkalimani asikose hata neno, na mkalimani, jasho likimtiririka, akatafsiri alichoapa kutafsiri:

"Mheshimiwa Nyuzi Mia Nne Na Hamsini. Mheshimiwa Saa Mbili Tanuru Likisha Shika Joto. Mheshimiwa Funika Hewa Isiingie. Mheshimiwa Ikiwa Nyeusi Ikanuka Bado, Ikiwa Nyeupe Umepitiliza, Ya Kijivu Kizito Ndiyo. Mheshimiwa Osha Mkaa Kabla Hujaanza Kunywa."

"Viti," akasema Bwana Sekiondo kwa sauti ya mtu anayezama. "Viti vinne. Hapana, vitano."

"Wote nilisoma nao," akasema waziri, akipiga makofi.

Ndeshi alikuwa hana kalamu. Aliyashika majina yale kichwani, matano, akiyarudia midomo imefumba, na furaha ilionekana machoni kama alivyoagizwa. Profesa alitaja wachache wengine kwa heshima zote mpaka kengele ikalia. Ndeshi alipokuja kupokea cheti, bibi yule alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na Ndeshi akasahau mafunzo, akacheka meno nje mbele ya kamera zote za kimataifa.

*

Sitakuchosha kwa habari za kurudi. Mwalimu Kisoka hakulazimika kupiga magoti. Mkuu wa shule aliposikia kipimajoto kinahitajika kwa shughuli ya waheshimiwa watano, alikitoa yeye mwenyewe pamoja na kitambaa chake. Wakachoma kwenye tanuru la wafinyanzi wa pale kijijini, nyuzi mia nne na hamsini, saa mbili, mdomo wa tanuru umezibwa kwa udongo. Mkaa ukatoka wa kijivu kizito. Maji yakapelekwa wilayani, na safari hii karani wa maabara aliyapima mara mbili, halafu akapiga simu kuuliza yametoka kisima gani. Ndeshi aliposoma yale majibu alikaa chini palepale njiani akalia, maana meno yake mwenyewe yalikuwa hayatarudi, na yale ya pili ya Nashiva yalikuwa bado hayajaota.

Huko mji mkuu nako mambo yalikuwa yamesonga. Daftari jekundu lilikuwa na waheshimiwa wapya, wa arobaini na nne hadi wa arobaini na tisa, na kwa kuwa sheria inakataza kupunguza, hakuna aliyeweza kuwatoa. Wakatajwa kwenye ufunguzi wa daraja. Wakatajwa kwenye Siku ya Miti, na bungeni, na kwenye mazishi ya kitaifa. Redio ya Taifa, inayorusha shughuli zote hizo moja kwa moja, ikawa inawataja asubuhi na jioni, kwa mpangilio, kwa sauti nzito: nyuzi mia nne na hamsini, saa mbili, funika hewa isiingie. Katika wilaya zote zenye maji kama ya Lambo Chini, akina mama waliacha kuzima redio wakati wa salamu. Walisubiri wale arobaini na watatu wa kwanza wapite, kisha wakatafuta kalamu.

Wanasema mwaka uliofuata Lwitiko alimpata mheshimiwa wake wa pampu.

Siku moja gari refu jeusi lilisimama mbele ya nyumba ya kina Ndeshi. Akashuka Bwana Sekiondo na daftari lake, amekonda zaidi, tai ileile.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Mheshimiwa Mkurugenzi," akasema Ndeshi, akamtolea kigoda. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa jambo la aibu kidogo. Yule Mheshimiwa Mifupa wa huku kwenu. Tumemwekea kiti shughuli kumi na moja, haji. Barua zinarudi. Waziri anasema alisoma naye lakini hakumbuki anakoishi. Sasa amependekezwa kupewa nishani, na mimi lazima niandike kwenye daftari sababu ya kutofika kwake. Yuko wapi?"

Mama yake Ndeshi akaleta maji kwenye glasi. Bwana Sekiondo, mwenye vumbi la safari kooni, akayanywa yote bila kuuliza yametoka wapi, akaomba mengine. Pembeni ya mlango ndoo mbili zilikuwa zimepandanishwa, ya juu ikidondosha matone kwenye ya chini, na Nashiva alikuwa amechuchumaa akiyahesabu, akicheka kila akikosea.

Ndeshi akaitazama ndoo, kisha akamtazama mzee.

"Yuko kazini," akasema.

Bwana Sekiondo akafungua daftari, akatafuta ukurasa, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Mheshimiwa hakufika, yuko kazini. Halafu akabaki ameinamia yale maneno, kalamu mkononi, kwa kuwa miaka yote ile ya kulitunza daftari hakuwahi kuyaandika, akamuuliza Ndeshi kwa upole kama ana hakika.